MALAIKA RAFAELI NA DAWA YA MUNGU

Kila mwaka, tarehe 29 Septemba, Eklezya takatifu inasherehekea malaika wakubwa watatu: Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Wakristu wetu wanawatambua upesi wawili wa kwanza. Mikaeli anashika upanga, na shetani yuko chini ya miguu yake. Gabrieli anashika ua, naye amesimama mbele ya Bikira Maria. Lakini wakiona sanamu ya Rafaeli wanauliza: Msafiri huyu ni nani? Kwa nini anashika fimbo ya safari? Na yule kijana anayetembea naye, mbona amebeba samaki?

Swali hilo ni zuri, na sisi tunaofanya kazi ya uchungaji, pamoja na ndugu wanaojitayarisha kwa kazi hiyo, inafaa tujue kulijibu. Maana siku hizi wagonjwa wengi wanatafuta malaika wa kuwaponya, na wako watu wanaowauzia jina lake. Tufuate basi habari za Rafaeli tangu Agano la Kale. Tutaona kwamba tangu zamani kuna njia mbili: wako waliofuata kazi ya malaika, na wako waliochukua jina lake tu.

I. Jina lake

Rafaeli ni jina la Kiebrania. Maana yake ni «Mungu ameponya». Katika shina lile lile Wayuda wanapata neno rofe, yaani munganga. Kwa sikio la Myuda, jina la malaika huyu na jina la kazi ya munganga ni ndugu. Lakini tuangalie vizuri: jina halisemi kwamba malaika ameponya. Mwenye kuponya ni Mungu, kama anavyojitambulisha mwenyewe kwa Waisraeli jangwani (Kutoka, sura 15). Malaika ni mtumishi aliyetumwa.

Basi, kama Mungu ndiye anayeponya, munganga na dawa zake wana kazi gani? Swali hilo liliwasumbua watu wa Agano la Kale. Kitabu cha pili cha Mambo ya Siku kinamlaumu mfalme Asa, kwa kuwa katika ugonjwa wa miguu yake aliwakimbilia waganga wala hakumtafuta Bwana. Kitabu cha Henoko, ambacho hatukihesabu kati ya Maandiko Matakatifu, kinasema tena kwamba ujuzi wa kukata mizizi uliletwa duniani na malaika waasi, pamoja na uchawi. Kwa watu wenye mawazo hayo dawa ilikuwa karibu kuwa dhambi.

Lakini wengine walisema kinyume. Kitabu cha Yubile, kilichoandikwa katika karne ya 2 mbele ya Kristu, kinasimulia kwamba malaika wema ndio waliomfundisha Nuhu kutumia majani ya dunia kwa kuponya wanawe. Na Yoshua bin Sira, kama mwaka 180 mbele ya Kristu, alifundisha kwamba munganga anastahili heshima, kwa sababu Mungu ndiye aliyeumba dawa kutoka udongoni (sura 38). Ni karibu na nyakati hizo kitabu cha Tobia kiliandikwa, nacho kilijibu swali lile kwa hadithi.

II. Safari ya Tobia

Tunaijua hadithi hiyo, lakini tuisome tena polepole. Mzee Tobiti ni mtu wa haki aliyehamishwa mpaka Ninawi. Amezoea kuzika maiti za ndugu zake, ingawa mfalme amekataza. Usiku mmoja, akiisha kuzika, analala nje karibu na ukuta, na mavi ya ndege yanamwangukia machoni. Utando mweupe unafunika macho yake. Anakwenda kwa waganga. Wanampaka dawa zao, naye anazidi kupofuka. Wakati huo, mbali sana, katika mji wa Ekbatana, binti Sara analia. Ameolewa mara saba, na waume wote saba wameuawa na pepo Asmodeo. Mzee na binti wanasali siku moja, kila mmoja mahali pake, na Mungu anamtuma Rafaeli kwa ajili ya wote wawili.

Malaika anakujaje? Anakuja kama kijana anayetafuta kazi ya kusindikiza msafiri. Anajiita Azaria, maana yake «Bwana amesaidia», na anapatana mshahara wa drakma moja kwa siku. Wanaondoka watatu: Tobia mwana wa Tobiti, malaika, na mbwa. Jioni, kwenye mto Tigri, samaki mkubwa anaruka majini na kutaka kumla kijana. Azaria anamwambia amkamate, ampasue, aweke moyo, ini na nyongo. Tobia anauliza vitu hivi ni vya nini, na mwenzake anamweleza kila kimoja: moyo na ini vifukizwe mbele ya mtu anayesumbuliwa na pepo, nyongo ipakwe machoni penye utando mweupe.

Mtu ataweza kusema: Hii ni kazi ya mfumu! Moshi wa ini la samaki, je, si hirizi? Pingamizi hilo lina nguvu, na hatupaswi kuliruka. Tujibu kwa mambo matatu.

Kwanza, nyongo ya samaki ilikuwa dawa ya macho iliyojulikana kwa watu wa zamani. Plinio Mrumi, aliyekufa mwaka 79, aliandika juu ya samaki fulani ambaye nyongo yake huondoa makovu ya macho. Malaika hakuleta kitu kutoka mbinguni. Alionyesha kilichokuwa mtoni.

Pili, moshi haukuachwa peke yake. Usiku wa arusi Tobia na Sara walisimama wakasali pamoja mbele ya kulala. Tafsiri ya Mtakatifu Yeronimo inaongeza hata siku tatu za sala, ambazo hazionekani katika maandishi ya Kigiriki.

Tatu, na ndilo jambo kubwa: malaika alificha jina lake, lakini hakuficha dawa. Mfumu anafanya kinyume. Jina lake linavuma kijiji chote, lakini dawa yake ni siri iliyofungwa katika kitambaa, wala mgonjwa hana ruhusa ya kuuliza. Tobia aliuliza na alijibiwa. Tena malaika hakuwapaka wagonjwa kwa mkono wake. Mtoto ndiye aliyepaka nyongo macho ya baba yake, akaondoa utando kwa vidole vyake, na mzee akamwona mwana wake.

Mwishoni Tobiti na Tobia wanataka kumpa mwenzao nusu ya mali yote iliyoletwa. Hapo tu anasema jina lake: yeye ni Rafaeli, mmoja wa malaika saba wanaosimama mbele ya utukufu wa Bwana. Hachukui mali ile. Anawaagiza wamsifu Mungu na kuandika mambo yote katika kitabu, kisha hawamwoni tena.

III. Kwa Wayuda na kwa Waethiopia

Mwaka 1952, katika pango la 4 la Qumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, vilipatikana vipande vya kitabu cha Tobia: maandishi manne ya Kiaramayo na moja la Kiebrania. Zamani watu wengine walidhani kitabu hiki ni cha Kigiriki tu. Vipande hivyo vimeonyesha kwamba Wayuda walikisoma katika lugha zao mbele ya kuzaliwa kwake Yezu. Hata hivyo hakikuingia katika Biblia ya Kiebrania. Eklezya ilikipokea, na Mtaguso wa Trento ulithibitisha jambo hilo mwaka 1546.

Wayuda walimweka Rafaeli katika mapokeo mengine. Talmudi inasema kwamba wageni watatu waliokuja kwa Abrahamu chini ya miti ya Mamre walikuwa Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, na kazi ya Rafaeli ilikuwa kumponya Abrahamu kidonda cha kutahiriwa. Na katika sala ya kulala Myuda anamtaja Mikaeli kuumeni, Gabrieli kushoto, Urieli mbele na Rafaeli nyuma yake.

Katika Afrika yetu, watu wa Ethiopia ndio waliotunza vitabu vya Henoko na vya Yubile vyote kamili, katika lugha ya Kigeezi, wakati vilipokuwa vimepotea kwa wengine. Katika Henoko, Rafaeli amewekwa juu ya magonjwa na majeraha ya wanadamu, na Mungu anamtuma aiponye dunia yenyewe iliyoharibiwa na malaika waasi. Waethiopia wanasherehekea siku yake tarehe 3 ya Pagumeni, ule mwezi mdogo unaofunga mwaka wao. Ni majira ya mvua, na mvua ya siku hiyo ni baraka kwao: watoto kwa wakubwa wanatoka nje kunyeshewa.

IV. Jina bila kazi

Mapema sana Wakristu wengine walianza kuyachukua majina ya malaika na kuyafanya kama dawa. Waliyaandika juu ya vibati, mawe na ngozi, wakayavaa shingoni. Katika karne ya 4 maaskofu wa Asia Ndogo walikutana Laodikea. Kanuni yao ya 35 inakataza kuiacha Eklezya ya Mungu na kufanya ibada ya malaika kwa siri. Kanuni ya 36 inawagusa mapadri wenyewe: wasiwe wachawi, wala wasitengeneze hirizi. Tusome hiyo ya pili kwa unyenyekevu. Kama maaskofu waliikataza, ni kwa sababu ilikuwa inafanyika.

Habari ya Aldeberti ni ya kukumbuka. Mtu huyu alihubiri katika nchi ya Wafranki katika karne ya 8. Alisema ana barua ya Yezu iliyoanguka kutoka mbinguni. Aliwagawia watu kucha na nywele zake kama masalia matakatifu. Waliokuja kuungama aliwaambia hakuna haja, kwa kuwa alizijua dhambi zao tayari. Na katika sala yake aliita malaika wanane, ambao kati yao mmoja tu, Mikaeli, anajulikana katika Maandiko. Mtakatifu Bonifasi alimshitaki kwa Papa Zakaria, na mwaka 745 sinodi ya Roma ilimhukumu. Ilisema kwamba yale majina mengine ni ya mashetani, na kwamba Eklezya inajua majina matatu tu: Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Mwaka 789 mfalme Karolo Mkubwa aliweka amri hiyo hiyo katika sheria za ufalme wake.

Kwa nini ukali huo? Kwa sababu mwenye kuuza jina lisilojulikana anajifanya yeye peke yake mlango wa mbinguni. Hakuna mtu anayeweza kumwuliza, maana hakuna mwingine anayejua. Maskini anabaki mikononi mwake.

V. Fimbo, samaki na merikebu

Wakristu wengine walishika njia nzuri. Katika mji wa Florence, nchi ya Italia, wafanya-biashara wa karne ya 15 waliwatuma wana wao mbali kutafuta mali, kama Tobiti alivyomtuma Tobia kudai fedha yake. Wafundi wa mji ule walichora mara nyingi safari hiyo. Mchoro mmoja uliotoka katika kiwanda cha Verrocchio, kama mwaka 1470 hadi 1475, uko London hata leo. Malaika na kijana wameshikana mikono. Kijana amebeba samaki. Malaika ana kijisanduku cha dawa. Mbwa anatembea kando. Ni hizo alama za Rafaeli: fimbo au mavazi ya safari, maana anatembea na mgonjwa, samaki na kijisanduku, maana anatumia vitu vya dunia.

Mwishoni mwa karne ile jina lake lilifika katika bahari ya mashariki ya Afrika. Mwaka 1497 Vasco da Gama aliondoka Lisbon, na merikebu yake moja iliitwa São Rafael. Njiani ugonjwa wa kuvimba ufizi uliwapata mabaharia, wakafa wengi. Mwezi wa Januari 1499, wakirudi kutoka India, walifika Malindi na kumwomba mfalme, Mwislamu, machungwa kwa wagonjwa wao. Aliwapa, lakini wengine walikuwa wamekwisha dhoofika mno. Siku chache baadaye, kusini ya Mombasa, waliichoma moto São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kwa merikebu zote. Sanamu ya malaika waliitoa, nayo imetunzwa Lisbon mpaka leo.

Siku hizi tunajua kwamba ugonjwa ule unatokana na kukosa matunda na mboga. Jina la malaika juu ya merikebu halikuwa dawa. Dawa ilikuwa katika tunda la Malindi, na waliitaka wakiwa wamechelewa. Hatusemi hivyo kwa kuwacheka mabaharia wale. Ni kama Tobia asingemkamata samaki.

VI. Lopitali na sikukuu

Katika nchi ya Hispania, mji wa Córdoba unamhesabu Rafaeli kuwa mlinzi wake. Baada ya tauni ya miaka 1649 na 1650 watu walisimamisha sanamu yake juu ya daraja la kale la Warumi, mwaka 1651, mahali wasafiri wanapopita. Huko Granada, karne moja mbele yake, Mtakatifu Yohana wa Mungu (1495–1550) alikuwa ameanza kuwaokota wagonjwa barabarani na kuwalaza kila mtu juu ya kitanda chake. Mapokeo ya ndugu zake yanasema kwamba Rafaeli alikuja kumsaidia kazi. Ndiyo sababu lopitali nyingi za shirika lao zina jina la malaika huyu. Mwaka 1886 Papa Leo XIII alimweka Yohana wa Mungu, pamoja na Mtakatifu Kamilo, kuwa wasimamizi wa wagonjwa na wa lopitali.

Mwaka 1921 Papa Benedikto XV aliieneza sikukuu ya Rafaeli katika Eklezya yote, tarehe 24 Oktoba. Kalenda ya mwaka 1969 iliwaunganisha malaika watatu katika tarehe 29 Septemba. Katika Misale ya zamani Injili ya tarehe 24 Oktoba ilikuwa ile ya birika la Betesda (Yoane, sura 5), ambako malaika alishuka kutibua maji. Sentensi hiyo juu ya malaika haimo katika maandishi ya kale kupita yote, na Vulgata Mpya ya mwaka 1979 haikuiweka. Lakini malalamiko ya mgonjwa yamo katika yote. Miaka 38 yumo katika ugonjwa, na taabu yake ni kwamba hana mtu wa kumpeleka majini. Maji yalikuwa karibu. Mwenzi ndiye aliyekosekana. Yezu akawa mwenzi wake.

VII. Na sisi?

Tarehe 14 Septemba 2000 Roma ilitoa maagizo juu ya sala za kuomba uponyaji. Yanasema wazi kwamba kusali hakumzuii mtu kutumia dawa; kinyume chake, sala inamhimiza. Mwaka 2001 kitabu cha miongozo juu ya ibada za watu kilirudia fundisho la mwaka 745: tusiwape malaika majina mengine zaidi ya yale matatu. Ni kusema kwamba Aldeberti hajafa. Tunamwona katika vyumba vya sala ambako mgonjwa wa sukari au wa ukimwi anaambiwa atupe vidonge vyake kwa kuonyesha imani, kisha anaombwa franka za «malaika wake».

Katika Kongo yetu tumeona pia njia ile nyingine. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Masista sita wa Bergamo, waitwao Poverelle, walikufa kwa kuuguza wagonjwa. Lakini wako wagonjwa waliopona, na kutoka damu ya mmoja wao wataalamu, pamoja na Profesa Muyembe wetu, walipata shina la dawa. Ebola ilipotokea Kivu ya Kaskazini, tarehe 1 Agosti 2018, dawa hiyo ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na mwaka 2019 ilionekana kwamba inaokoa watu wengi, hasa wale wanaofika upesi. Ugonjwa ule uliua watu 2,287 mpaka kumalizika kwake tarehe 25 Juni 2020. Kati yao wako waliopitia kwanza kwa wafumu na kwa waombaji, wakafika lopitali wamechelewa.

Tobia alipata dawa ndani ya samaki aliyetaka kumla. Kikwit, dawa ilitoka katika mwili ambao ugonjwa ulitaka kuumaliza. Kwetu hilo ni fumbo moja: Mungu ameponya, na ameponya kwa mikono ya watu waliokubali kumshika samaki.

Basi, ndugu, tunapoitwa kwa mgonjwa, tuchukue mafuta matakatifu na tusali naye bila haraka. Tumwulize pia kama amekwenda kwa munganga, kama anameza dawa yake, na kama ana mtu wa kumpeleka. Tusipokee bei ya sala. Na Wakristu wakituuliza tena kwa nini yule kijana amebeba samaki, tuwaambie: Ni dawa ya baba yake. Malaika alimwonyesha, lakini ilikuwa lazima aibebe mwenyewe mpaka nyumbani.

Mtakatifu Rafaeli, utuombee.